Mwaka wa Meno ya Juu

Nilifurahi. Naanza na hilo, maana nikilificha mtalinusa tu mbele ya safari. Hidaya aliponipigia simu asubuhi ile nilikuwa uani kwangu hapa Ngorongo, nimetandaza uduvi kwenye ungo nachambua vijiti na mchanga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akakauka. "Mama, shikamoo. Bibi ametutoka." Nikasema inna lillahi kama inavyotakiwa, ulimi ukatamka vizuri kabisa, na huku moyoni nasema alhamdulillahi. Bi Mwanahamisi amekufa! Nimezeeka mpaka magego yangu yananiaga moja moja, na miaka yote hiyo nilikuwa namwomba Mungu asinichukue kabla ya yule bibi. Hidaya ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake, na ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Akaniambia maziko ni leo leo baada ya alasiri, pale pale Kibiti, kisha akasita, kisha akatoa lililomfanya apige. "Bibi aliusia asishikwe kaburini na mtu baki. Mjomba Bakari ndiyo hivyo tena, kiharusi kimempiga mkono na mguu. Mimi nimezaa wasichana watupu. Mama, tunamwomba kaka Shomari." Niliuweka ungo chini taratibu, nikafuta mikono, mpaka akadhani mtandao umekata. "Haloo? Unanisikia?" Nikamwambia, "Nakusikia vizuri sana. Hebu rudia."

Akarudia, maskini, na mimi nikasikiliza kila neno kama mtu anayenyonya mfupa. Shomari ni mtoto wa marehemu dada yangu Zaituni. Baba yake ni huyo huyo Bakari, mtoto wa kiume pekee wa Bi Mwanahamisi, ambaye baada ya kumwacha dada yangu alioa tena na tena na hakupata hata wa kusingiziwa, na kila niliposikia nilifurahi vile vile. Shomari alitolewa nyumba ile akiwa mtoto wa kubebwa, na hajawahi kuitwa tena, si kwa harusi wala kwa Idi. Leo ndiyo anatakiwa. Nikamwambia Hidaya nina sharti. Kabla maiti haijatoka, Bakari asimame mlangoni mbele ya watu aseme kwa kinywa chake kwamba Shomari ni mwanawe wa kumzaa na nyumba ile ni kwao. "Asiposema," nikamwambia, "mtafuteni mwingine." Nikakata simu, nikampigia Shomari kule Nyamisati anakotengeneza injini za boti. Akauliza tu, "Mama mdogo, wewe unataka niende?" Nikamwambia nataka sana, na wala sikumficha kwamba si kwa wema.

Sasa niwaambie kuhusu mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimepelekwa Kibiti kumsaidia dada yangu kulea. Nyumba ya Bi Mwanahamisi ilikuwa nyuma ya soko, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na ukumbi ule ulinuka nazi na mafuta ya mtoto saa zote, maana watoto wachanga walikuwa wawili. Shomari alitangulia, na Hidaya, mtoto wa Tausi, wifi wa dada yangu, akafuata miezi michache baadaye. Bi Mwanahamisi ndiye aliyewaogesha, na si hao tu, mtaa mzima ulimletea watoto. Alikuwa na mikono mizuri, nimnyime yote hilo simnyimi. Kila akimaliza kumfuta mtoto alimlaza mapajani akapitisha kidole kwenye ufizi, kwanza chini, halafu juu, huku anaimba. Asubuhi moja kidole kilifika juu kwenye ufizi wa Shomari, wimbo ukakatika. Akarudia. Akaniambia, "Siwema, niletee kikombe cha bati." Nikaleta. Akakigusisha ufizini na sote tukasikia kikilia, ti, ti, na Zaituni akaanza kupiga vigelegele kwa kuwa ndiyo kawaida, jino la kwanza ni shangwe. Bi Mwanahamisi akamtazama mpaka vigelegele vikafa. "Ni la juu," akasema. "Huyu ni kigego."

Vijana wa leo nikiwaambia wanacheka. Kigego ni mtoto aliyetanguliza meno ya juu kabla ya ya chini, na wazee wetu walisema mtoto huyo ana mkosi, akikulia nyumbani atawamaliza wakubwa wake. Jioni ile nilikuwa uani nakuna nazi na dirisha la chumba cha Bakari liko wazi juu ya kichwa changu, nikasikia kesi nzima. Mama mtu alikuwa anasema taratibu kabisa. "Wewe mtazame mbuzi. Mtazame ng'ombe. Mfunue mdomo, juu kuna nini? Ufizi mtupu. Ndiyo maana Mungu kawafanya halali, tunakula nao, tunalala nao nyumba moja. Sasa mtazame mbwa. Mtazame chui, mtazame mamba. Wenye meno ya juu wote ni wa kurarua. Mtoto anayeanza na ya juu, baba, kakuonyesha mapema atakuwa mnyama gani." Nikainuka nikachungulia. Bakari alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika, macho yote yako kwenye kisu. Mama yake akaendelea, "Zamani angepelekwa porini akaachwa huko. Mimi nina huruma, nasema aende ng'ambo ya maji na mama yake." Bakari akamaliza kumenya, akaliweka chungwa chini wala hakulila. "Haya, mama," akasema. Ndoa ya dada yangu ilikwisha kwa maneno hayo mawili, na mpaka leo sipendi kuona mwanamume anamenya chungwa mbele yangu.

Tukaenda Kiongoroni, kwenye visiwa vya delta, kwa mama yetu mdogo Fatuma. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, na chakula chetu kilikuwa bada, ugali wa muhogo, bada na uduvi, bada na kamba, bada na chochote kilichonasa. Hatukuonewa, lakini Zaituni alikuwa amekwisha kuvunjika. Mtoto akicheka mbele ya watu alivuta upesi ncha ya kanga akamfunika mdomo. Akicheka tena, anamfunika tena. Nilimwambia, "Dada, mwache acheke, atakosa hewa." Akanijibu, "Wakimwona na huku tutahamishiwa wapi, Siwema? Baharini?" Yule mtoto alicheka sana, mwenye furaha kupita kiasi, na alijifunza kabla ya kutembea kwamba kucheka ni kitu cha kuzibwa. Mimi nilikuwa natazama. Sikulia hata siku moja. Nilikuwa natafuta pa kumpata Bi Mwanahamisi.

Nikaanza na mbuzi, kwa kuwa ndiye shahidi wake. Mama mdogo alikuwa na beberu mmoja mkorofi, nikambana kwenye kona, nikamfunua mdomo. Kweli mbele juu hakuna kitu, ni ufizi mgumu tu, na chini yamepangana meno mafupi ya kukatia majani. Moyo ukaniuma, nikaona kumbe yule bibi kasema kweli. Nikasukuma kidole ndani zaidi ili nihakikishe. Mwe! Alinitafuna mpaka nikamwita mama yangu. Nilipotoa kidole kimevimba nilikuwa nacheka, na mama mdogo akatoka jikoni akidhani nimepagawa. "Kayaficha nyuma!" nikamwambia. "Mama mdogo, mbuzi anayo meno ya juu, tena makubwa, ila kayaficha nyuma!" Akasema, "Sasa wewe ulidhani anasagia nini, matako?" akarudi jikoni kwake. Kwake lilikuwa jambo la kila siku. Kwangu mimi ilikuwa kesi imegeuka.

Toka hapo sikuona kiumbe nikamwacha na mdomo wake. Wavuvi wakileta papa nilikuwa wa kwanza kumfunua, safu nyuma ya safu, likitoka la mbele la nyuma linasogea, wala hana cha kusagia. Mlango wa banda la kuku ulizuiliwa kwa fuvu la mamba, nikalichukua nikaliweka mapajani. Meno yote ya aina moja, yamechongoka, kazi yake kushika tu, akishashika anameza bila kutafuna. Taya la kiboko liliwahi kuletwa na mafuriko, likakaa nyuma ya msikiti, lina pembe za kutisha mbele, na huko nyuma lina magego mapana ya mla majani, kwa kuwa hizo pembe ni za kugombana, majani anayavuna kwa midomo. Sungura aliyenaswa mtegoni ana meno mawili marefu juu mbele, na sungura tunamchinja na bismillahi tunasema, mbona hatujafa? Mwisho nikaja kwa binadamu. Nilimfunua mdomo dada yangu akiwa amelala, nikajitazama kwenye kioo, nikamtazama Shomari kila alipopiga miayo. Nikaona sisi tumechanganya, ya kukata, ya kurarua na ya kusaga, kidogo cha kila mtu. Nikaona na jingine. Meno yetu mawili ya mbele juu ni mapana, yale ya chini ni membamba, na hata mtoto mchanga yuko hivyo hivyo. Nikijua jambo dogo kama hilo nilikuwa nalirudiarudia mpaka mama mdogo ananiambia, "Siwema, wacha vinywa vya watu, utaolewa na nani?"

Idi ilipokaribia nikaomba ruhusa nipeleke uduvi Kibiti kuuza. Chini ya uduvi kwenye kapu nilikuwa nimeficha fuvu la mbuzi, limechemshwa jeupe. Nia yangu ilikuwa moja, nimkute Bi Mwanahamisi na wanawake wenzake, nilitoe, nilifunue, nimwulize mbele yao hayo meno ya juu yametoka wapi na kama bado ni halali. Kama angekosa jibu, nilijua Bakari angesikia, na dada yangu angerudi, na Shomari angelelewa kwa baba yake. Nilikuwa mtoto, niliamini watu hushindwa kwa hoja. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, salamu zikaenda, "Shikamoo Bi mkubwa," "Marahaba mwanangu, hamjambo huko majini," utadhani hajamtupa mtu. Tausi alikuwa sokoni. Hidaya alikuwa amekaa kwenye mkeka na kipande cha tango mkononi, wanachopewa watoto fizi zikiwasha. Kikamdondoka, kikabiringika mpaka mguuni kwangu.

Nilikiokota nimrudishie, jicho likagoma kuondoka. Upande mmoja wa kile kipande ulikuwa laini, umebonyea kwa ufizi tu. Upande wa pili ulikuwa na mifereji miwili, iko pamoja, mipana. Mipana! Nikamchukua Hidaya nikampakata, nikamtia kidole chini, ufizi mtupu. Juu, mawili, yamekwisha kutokeza. Nikainua macho na Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, ananitazama. Hapo ndipo nilipomwona amezeeka. Akaja akachutama mbele yangu, bibi yule, akachutama, akaninong'oneza. "Siwema mwanangu, nakuomba. Usimtie huyu mtoto maneno ya watu." Nikamwuliza, "Na Shomari?" Akasema, "Shomari nilikosea. Nilishtuka. Acha Idi ipite, nitakuja mwenyewe Kiongoroni niwachukue, yeye na mama yake. Wallahi." Aliapa, na aliyekuwa mapajani mwangu alikuwa ananitazama huku ananing'ata kidole kwa meno yale yale. Ningepiga ukelele mtaa mzima ungesikia. Lakini huyu mtoto mdogo alikuwa amenikosea nini? Nikamrudishia tango lake, nikabeba kapu langu, nikaondoka bila hata kulitoa fuvu.

Idi ikapita. Nilimwambia Zaituni afue nguo za mtoto, ajitayarishe, akazifua, akazikunja, na kila boti iliyoingia alikuwa anachungulia. Hakuja mtu. Mtoto akakua, nguo zikawa ndogo kwake zikiwa bado zimekunjwa. Nikarudi Kibiti na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo tena maishani, na nyumba siku hiyo ilijaa wanawake, wanachambua mchele wa hitima. Sikusalimia. Nikasema, "Hidaya naye kaota ya juu! Nimeyashika kwa kidole changu!" Bi Mwanahamisi akamwinua Hidaya, akamgeuza kwa wenzake, akambana mashavu taratibu. "Mtazameni. Anayo juu, anayo chini. Haya, jamani, kuna mwenye neno?" Yalikuwa manne. Yule bibi alikuwa ameniomba Idi ipite ili ya chini yapate nafasi ya kutoka. Nikababaika, nikalitoa fuvu kapuni, nikaanza kueleza habari za mbuzi na kilichofichwa nyuma, na Bi Mwanahamisi akaanza kucheka. "Lahaula! Kabeba fuvu toka baharini! Mpeni maji huyu mwali, jua limempiga." Wakacheka wote. Aliyecheka zaidi alikuwa jirani yao, Bi Kulthumu, akajishika mbavu mpaka mchele ukamwagika. Zaituni alikufa akiwa ameolewa kwingine, mtu mwema tu, lakini alikufa hajaukanyaga tena ukumbi ule. Na mimi kila nikimkumbuka namkumbuka na zile nguo zilizokunjwa.

Ndiyo ukumbi niliouingia siku ya maziko, kwa mguu wa kulia, kifua mbele. Wanawake wamejaa mpaka uani, harufu ya ubani na karafuu maiti, na Bi Mwanahamisi amelazwa ndani ameshakoshwa na kuvikwa sanda. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Bakari alishikiliwa na vijana wawili, akasimamishwa mlangoni, mdomo umepinda upande. Akasema. Ilimchukua muda, maneno yalikuwa yanakwama, lakini alisema, "Shomari ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Hapa ni kwao." Shomari alikuwa nje na wanaume, ameinamisha kichwa. Kutoka pembeni nikasikia sauti ya kizee ninayoijua. Bi Kulthumu, bado yuko hai, kakauka kama kuni. "Jamani, lakini yule si kigego? Kigego ndiye atakayempokea mwenzetu kaburini?" Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, yale niliyoyatunza tangu usichana yakawa yamefika kwenye ulimi.

Hidaya akaniwahi. "Bi Kulthumu," akasema, "aliyemwosha ni nani?" Yule bibi akasema, "Si wewe, mjukuu wangu." Hidaya akasema, "Basi ameshaoshwa na kigego. Mimi niliota ya juu. Bibi mwenyewe aliniambia kitandani, akalia. Akasema Siwema alisema kweli mbele yenu na nyote mkamcheka." Na mimi nimesimama katikati na maneno yangu, hayana kazi tena. Hata hayo akaniibia! Amekufa, amefungwa sanda, na bado kasema yeye mwisho. Nikamvuta Hidaya pembeni nikamwuliza kwa nini bibi yake hakunipigia mwenyewe akiwa hai, simu ilikuwepo na namba ilikuwepo. Akasema, "Aliona aibu, mama. Akaniagiza nimwombee radhi kwako." Aibu! Dada yangu enzi za uhai wake alikuwa anachungulia maboti, na mtu alikuwa anaona aibu.

Jeneza likatoka, wanaume wakaenda, sisi tukabaki. Walioleta habari baadaye walisema Shomari alishuka mwenyewe kaburini bila kusukumwa, akampokea bibi yake mikononi, akamlaza, akamgeuza ubavu na kumwelekeza uso kibla, akatoka. Mkono ambao yule bibi aliogopa utaizika nyumba yake ndio uliomzika, na kwa upole, wanasema, kama wa mtu anayelaza mtoto. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini. Wanawake walikuwa wanaulizana kwa zamu kama ilivyo ada, "Mmemsamehe?" "Tumemsamehe." Ikafika kwangu. Bi Kulthumu akanitazama kwa macho ya kuomba, maana yeye naye yuko njiani. Nikamwambia, "Mimi mniache kwanza."

Wanaume wakarudi. Shomari akaja mpaka kizingitini akasimama, mtu mzima mwenye mvi, mikono imejaa udongo mwekundu wa kaburi mpaka viwiko, hajui aingie au asiingie. Hidaya akamwendea na kopo la maji. "Kaka, unasimama mlangoni kama mgeni? Ingia. Mkojo wako wa kwanza uliumwaga kwenye ukumbi huu huu." Sasa Shomari ana tabia ambayo mkewe humtania na mwenyewe hajui ilikotoka, akicheka lazima aweke kiganja mdomoni. Akacheka. Kiganja kikainuka, kikafika kidevuni, akakiona kimejaa udongo, akakishusha. Akaendelea kucheka hivyo hivyo, mdomo wazi, meno yote ya juu yako nje, mapana, meupe, mazuri kama ya mama yake. Nikawageukia wale wanawake, mmoja mmoja, na Bi Kulthumu nikammalizia mwisho, nikahakikisha wote wameyaona.